Pua ya Kulwa

Kaja asubuhi, dirisha la dawa sijafungua,
kichwa kakitupa nyuma kama kuku anywaye maji,
shati limegandamana na kifua kwa damu.
"Shusha kichwa, Kulwa. Inama.
Damu ukiimeza itakurudi.
Bana hapa penye nyama, si kwenye mfupa,
pumua kwa mdomo, dakika kumi,
wala usiachie ili uchungulie."
Akachungulia ya nne. Tukaanza upya.

"Umepatwa na nini?"
"Mzinga. Kamba imekatika, umeniangukia."
Mimi mzaliwa wa Sikonge.
Mzinga wa gome ukimwangukia mtu
humchubua paji, humtegua bega,
na nyuki hawaondoki bila kutia saini.
Huyu hana mwiba hata mmoja.
Ana alama ya pete chini ya jicho.
Nikaandika: mzinga.

Nikashuka kwa vidole viwili toka kati ya nyusi,
polepole, kama atafutaye jiwe ndani ya mchele.
Chini kidogo ya palipo pagumu, ikalia: kra,
chumvi ya mawe chini ya kisigino.
Pua imekwenda kulia, mwenyewe anatazama kushoto.
Nikaziba tundu moja, "Pumua."
Nikaziba la pili, "Pumua."
Nikamulika kwa tochi ya simu ukuta wa kati:
ningekuta uvimbe laini, zambarau iliyoiva,
ningempakia pikipiki saa ile ile hadi Kitete,
maana damu iliyofungiwa pale hula gegedu,
na pua huketi kama paa lililoliwa na mchwa.
Haupo.
Maji mepesi yadondokayo bila mafua,
maangavu, yatokayo huko juu kwenye ubongo?
Hayapo pia. Nikashusha pumzi, naye hakujua kwa nini.

"Nenda. Kitambaa cha maji baridi.
Lala umeinua kichwa. Usipenge.
Rudi siku ya tano,
leo uvimbe utanidanganya."

Siku ya tano, chini ya macho yake
rangi ya majani ya tumbaku yakianza kukauka.
"Sasa naweza kuinyoosha.
Ila sijui ilivyokuwa. Una picha?"
Akatoa kadi ya mpiga kura:
kivuli ndani ya kivuli, pua ya mtu yeyote.
"Nyingine?"
Akanyamaza. Akautazama mlango.
"Ipo. Iko nje, imeshika baiskeli."

Doto akaingia. Pete kidoleni.

Hakuna aliyenisimulia, lakini kijiji kizima
kinajua hesabu ya marehemu Mihayo:
mizinga arobaini na mmoja, wana wawili.
Ishirini kwa ishirini.
Ni ule mmoja.

"Kaa hapo, Doto. Mtazame mwenzio.
Usicheke, usinune, pua hubadilika."
Nikaipapasa yake toka juu hadi nchani,
nikaikariri kwa gumba,
na gumba lile lile, kabla halijasahau,
nikalipeleka kwa Kulwa, ganzi imekwisha kuingia.
Doto alikuwa ametulia kama aliyepigwa picha.
Nikasukuma.
Kra.
Aliyepiga kelele ni Doto.

Baadaye nikafungua daftari, safu ya chanzo cha jeraha.
Mzinga. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.
Nikaliacha neno lilivyo. Kwani uongo?

Haikunyooka yote. Imebaki kulia kidogo,
upana wa punje ya mtama,
na siku za gulio watu hawaulizi tena
yupi Kulwa, yupi Doto.
Nilijisifu kwa hilo, mpaka nilipokutana na mama yao,
ambaye tangu siku ya kwanza hakuhitaji alama.
Aliniangalia juu mpaka chini.
"Wewe ndiwe uliyeniharibia mtoto?"